Kambale Hana Kosa: Kweli na Uongo Kuhusu Nahau za Mapenzi za Kiingereza

Shuleni tulikaririshwa nahau za Kiingereza kwa ajili ya mtihani: ndoo iliyopigwa teke, mvua ya paka na mbwa. Za mapenzi hakuna mwalimu aliyezigusa. Hizo kila mtu alijiokotea mwenyewe kwenye tamthilia na nyimbo, na siku hizi kwenye programu za simu za kutafuta wachumba. Ukiuliza zimetoka wapi, husimuliwa hadithi tamu yenye mwanzo, kati na mwisho. Hadithi ya namna hiyo inastahili kushukiwa kwa huo utamu wake. Yafuatayo ni madai yanayozungumzwa sana. Nimeyapima, mengine yameanguka, mengine yamesimama, na machache yanachechemea.

"Wear your heart on your sleeve" ilianza na wapanda farasi waliofunga leso za wapenzi wao mkononi. UONGO, kwa ushahidi uliopo.

Picha yenyewe inapendeza: uwanja wa mashindano, shujaa juu ya farasi, mkuki mkononi, na utepe wa bibie umefungwa kwenye mkono wa nguo ili watu wote wajue moyo wake uko kwa nani. Kwamba wapanda farasi walivaa vitu vya mabibi zao hakuna ubishi. Anayekosekana ni mtu yeyote wa zama hizo aliyeiandika nahau yenyewe. Maandishi ya kwanza tunayoyajua ni ya Shakespeare, katika *Othello*, tamthilia ya mwanzoni mwa miaka ya 1600, na anayesema si mpenzi wa mtu. Ni Iago, mnafiki mkuu wa mchezo mzima, anayeringia uwezo wake wa kuficha. Kwake yeye, kuonyesha yaliyo moyoni ni kuuanika moyo mahali ambapo ndege yeyote anaweza kuudonoa.

Kwa hiyo nahau tunayoitumia kumweleza mtu mkweli wa hisia ilitoka kinywani mwa tapeli aliyekuwa akiibeza tabia hiyo. Siku hizi haina kejeli wala sifa. Ina maana tu kwamba mtu fulani hajui kuficha anachokihisi, na ikiwa hilo ni jema au baya utaamua mwenyewe.

Huyo huyo Iago ndiye aliyekiachia Kiingereza "green-eyed monster", yule mnyama mwenye macho ya kijani, na aliyataja maneno hayo akimwonya Othello dhidi ya wivu huku yeye mwenyewe akiuchochea. Rangi hiyo Shakespeare alikuwa ameshaipa wivu kabla, katika mchezo ambao Julius Nyerere aliutafsiri kwa jina la *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Tahadhari moja hapa. "Green with envy" ina rangi ile ile lakini si wivu wa mapenzi: ni kijicho. Anayeonewa "green with envy" anaweza kuwa jirani aliyenunua gari jipya tu, na hakuna mume wala mke wa mtu anayehusika.

"Catfish" ni jina lililotokana na kambale wanaotiwa kwenye matangi ya samaki wengine ili kuwachangamsha. NUSU KWELI.

Nusu ya kweli ni hii. Mwaka 2010 ilitoka filamu ya maisha halisi iitwayo *Catfish*. Kijana wa New York, Nev Schulman, anampenda msichana aliyefahamiana naye mtandaoni, kisha anagundua kwamba msichana huyo hayupo. Picha, sauti na familia nzima ya mtandaoni vilitungwa na mwanamke mwenye mume wake huko Michigan. Mwaka 2012 televisheni ya MTV ikaanzisha kipindi chenye jina hilo, na tangu hapo kumtapeli mtu kimapenzi kwa sura ya kubuni kukaitwa "to catfish".

Nusu ya pili ndiyo inayooza. Mwishoni mwa filamu, mume wa yule mwanamke anasimulia kwamba samaki yule ambaye Waingereza humla na chipsi alikuwa akisafirishwa hai ndani ya matangi kutoka Alaska hadi China, akafika nyama imelegea kwa kukosa mazoezi, mpaka mjanja mmoja akatia kambale ndani ya tangi awafukuze na kuwadonoa mikia. Hakuna ushahidi kwamba biashara hiyo ilifanyika. Kisa chenyewe ni kikuukuu: mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza Charles Marriott alishatoa riwaya iitwayo *The Catfish* juu ya wazo hilo hilo. Mvuvi wa Kisumu au Mwanza angeuliza swali moja tu likatosha: kambale wa ziwani ataishije ndani ya tangi la maji ya chumvi? Watu wa pwani wataniletea habari za hongwe, ndugu yake wa baharini. Sawa, lakini hongwe naye hajaonekana kwenye meli hiyo.

Linalonifurahisha zaidi ni kwamba ndani ya kisa, kambale ni mwema. Ndiye anayewafanya wenzake wawe macho. Yule mume alikuwa akimsifu mkewe! Watazamaji wakaligeuza neno likawa la utapeli, na samaki wa watu akabaki na doa ambalo hakulitafuta.

"Cold shoulder" ni bega la kondoo lililopoa, alilopewa mgeni asiyetakiwa. UONGO.

Walter Scott aliiandika mwaka 1816 katika riwaya ya *The Antiquary*, kwa lafudhi ya Kiskoti, na bega lenyewe ni la mwanamke wa cheo anayemgeuzia mtu mgongo. Hakuna kondoo wala sahani. Kisa cha nyama kilibandikwa baadaye, na kimedumu kwa sababu kila mtu amewahi kuandaliwa kiporo na mwenyeji aliyenuna.

"Broken heart" ni kuvunjika moyo. UONGO kwa lugha, KWELI kwa daktari.

Tuanze na lugha. Mtu akikuvunja moyo kwa Kiswahili amekukatisha tamaa: ulitaka kufungua duka, akakuambia halitauza. Mwingereza aliye "heartbroken" hajakata tamaa ya kazi wala masomo. Amefiwa, ameachwa, au ameumizwa na ampendaye. Kiswahili kina maneno ya maumivu hayo na hayapiti moyoni peke yake, kwani mtu akikuumiza vya kutosha amekukata maini. Vijana siku hizi huimba "umenivunja moyo" kwa maana ya Kiingereza, na lugha ni yao, waitumie. Ila ukimtafsiria mzungu barua ya meneja iliyoandika kwamba matokeo ya mwaka "yametuvunja moyo", usimfanye meneja aonekane analia kitandani.

Sasa daktari. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa wa moyo unaompata mtu baada ya mshtuko mkubwa, kama kufiwa au kuachwa ghafla. Kifua kinabana, pumzi inakata, kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha kama shambulio la moyo. Lakini mishipa ikichunguzwa haijaziba. Kilichotokea ni kwamba chumba kikuu cha kusukuma damu kimedhoofika na kuvimba upande wa chini, shingo yake ikabaki nyembamba. Umbo hilo liliwakumbusha madaktari chungu ambacho wavuvi wa Japani hutegea pweza, kiitwacho takotsubo, na ugonjwa ukapewa jina hilo. Kiingereza kiliuita ugonjwa wa moyo uliovunjika. Wengi wanaoupata ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na walio wengi hupona katika muda wa wiki chache, ingawa wapo wanaokufa. Basi anayesema maumivu ya mapenzi ni ya kichwani tu, mwambieni kuna wodi ambako yanaonekana kwenye kioo cha mashine.

"Gaslighting" ni kudanganya. UONGO.

Siku hizi mtu akibishiwa kidogo tu, anadai amefanyiwa "gaslighting". Kamusi ya Merriam-Webster ililitangaza kuwa neno la mwaka 2022, na umaarufu huo umelichakaza.

Linatokana na tamthilia ya Patrick Hamilton, *Gas Light*, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1938. Mume anaficha vitu vya nyumbani, anamlaumu mkewe kwa kuvipoteza, na kidogo kidogo anamfanya aamini kwamba akili zinamtoka. Hollywood iliifanyia filamu mwaka 1944, na Ingrid Bergman akapata tuzo ya Oscar kwa kuigiza mke huyo. Kwa hiyo si uongo wa kawaida. Anayekuambia alikuwa kazini kumbe alikuwa baa amekudanganya, basi. Anayekushawishi kwa miezi kadhaa kwamba kumbukumbu zako hazifai, macho yako hayaoni sawasawa na usijiamini kwa lolote, huyo ndiye anayestahili neno lenyewe.

Kuna kosa jingine, la watu wanaodhani wameusoma mchezo: kwamba mume alizipunguza taa za gesi makusudi ili kumchanganya mkewe. Hapana. Kila jioni alijifanya ametoka, akarudi kwa siri ghorofa ya juu kutafuta vito, na alipowasha taa za huko gesi ikapungua nyumba nzima. Taa hazikuwa silaha yake. Ndizo zilizomfichua.

Nahau ngumu ni zile zenye picha za ajabu. UONGO, na huu ndio unaotugharimu.

Vipepeo tumboni, moyo mkononi, bega la barafu: haya hayamdanganyi mtu. Ukiyasikia unajua hapo hapo kwamba kuna fumbo, unauliza au unabahatisha, na mara nyingi unapatia. Anayetuponza ni yule asiyevaa kofia ya nahau, yaani maneno madogo tuliyojifunza darasa la tatu tukadhani tumemalizana nayo.

Chukua "see". "Are you seeing someone?" haina uhusiano na macho; unaulizwa kama una mpenzi. Lakini "you should see someone" ni ushauri wa kwenda kwa mtaalamu wa afya ya akili. Na "I'm seeing a doctor" inaweza kuwa mgonjwa, inaweza kuwa mtu mwenye mchumba mwenye kipato. Hapo hata Waingereza wenyewe husubiri sentensi ifuatayo.

"Go out" ni vivyo hivyo. "We went out" ni matembezi ya siku moja. "We're going out" kwa Mwingereza ni uhusiano unaojulikana. Vijana wa Marekani wameongeza ngazi nyingine kabla ya hapo: "we're talking". Hawana maana kwamba wanaongea. Wanataka kusema kuna kitu kinachipuka ila hakijapewa jina, na ole wako ukiwauliza wanaongea nini. "Partner" kwa Mwingereza wa kawaida ni mtu anayeishi naye kimapenzi, awe wa ndoa au la. Anayetoka Kariakoo au Gikomba akimtambulisha mbia wake wa biashara kwa neno hilo atakuwa ametangaza habari nyingine. "Hit on" ni kutongoza, hakuna aliyepigwa. "I fancy you" ni tamko la mapenzi, na "fancy a cuppa?" ni chai tu, kitenzi kile kile. Hapo sisi tusiwacheke, maana "napenda" yetu nayo hubeba mke, Mungu na maharage ya nazi.

Kisha kuna "quite". Mmarekani akisema "I quite like you", kakuongezea. Mwingereza akisema hivyo hivyo, mara nyingi kapunguza: anakupenda kiasi, asifikiriwe vibaya. Hakuna picha hapo ya kukushtua, na ndiyo maana linapita.

Hata neno "date" lenyewe ni la kundi hili. Si tende, na halikuanza na mapenzi. Lilikuwa tarehe ya kwenye kalenda. Mwaka 1896 mwandishi wa gazeti la Chicago, George Ade, alimwandika karani kijana aitwaye Artie anayemhoji msichana wake kama kuna mwingine anayejaza tarehe zake, na hapo ndipo wanaofuatilia historia ya neno huanzia. Mwanahistoria wa Marekani Beth Bailey, katika kitabu chake cha mwaka 1988, alionyesha kilichokuwa kikibadilika wakati huo. Kabla yake kijana alikaribishwa nyumbani kwa kina msichana, akaketi sebuleni, mama yuko chumba cha pili akisikiliza. Mji ulipokua, wakatoka nje, kwenye mikahawa na majumba ya sinema, na kwa kuwa huko kila kitu ni pesa, mwenye pesa ndiye akawa mwalikaji. Wanawake walipoteza usukani bila kelele. Kwa msomaji aliyezoea mshenga na barua ya posa, jambo la kushika ni kwamba "date" haifungi mtu. Watu wawili wanaweza kukutana mara tatu, wakala, wakacheka, na mmoja wao akawa na miadi mingine Ijumaa bila kujiona msaliti.

"Go Dutch" inatokana na desturi ya Waholanzi ya kila mtu kujilipia. INACHECHEMEA.

Waingereza na Waholanzi walipigana vita vitatu vya baharini kati ya 1652 na 1674, na Kiingereza kikarundika misemo ya kuwakejeli: "Dutch courage" ni ujasiri wa chupa, na "double Dutch" ni maneno yasiyoeleweka. Watu wengi huiweka "go Dutch" kwenye fungu hilo la matusi. Tatizo ni kwamba "Dutch treat", dada yake mkubwa, inaonekana Marekani katika karne ya 19, muda mrefu baada ya mizinga kunyamaza. Uhusiano wake na vita ni wa kukisia. Waholanzi nao hawajasaidia kujitetea: mwaka 2016 benki yao ya ABN AMRO ilitoa programu ya simu iitwayo Tikkie, ya kumdai mwenzako sehemu yake ya bili, na nchi nzima ikaipokea kwa mikono miwili.

Kwenye meza ya mapenzi, anayesema "shall we go Dutch?" si lazima awe mchoyo. Wanawake wengi wa Ulaya na Marekani hulipendekeza wenyewe ili wasiwe na deni la shukrani. Jirekebishe kabla ya kununa.

Kwetu hakuna "stood up" wala "ghosting". Ni mambo ya wazungu. UONGO, waziwazi.

Kumwacha mtu amesimama kwenye miadi, bila kutokea wala kupiga simu, Waafrika Mashariki tumelipa hadi bajeti. Nairobi mtu anatumiwa fare, anaila, na haonekani. Dar es Salaam anakula nauli. Tofauti ni kwamba kwa Mwingereza aliyeumia ni yule aliyesimama mgahawani peke yake, na kwetu kilio ni cha pesa iliyokwenda kwa simu.

"Ghosting" ni kukata mawasiliano bila kuaga: ujumbe haujibiwi, simu haipokelewi. Merriam-Webster waliiingiza maana hiyo kwenye kamusi mwaka 2017. Mtanzania angesema jamaa ameingia mitini, na Mkenya angesema yuko mteja, kutokana na ile sauti ya kwenye simu inayokuarifu kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Ukinilazimisha kuchagua, mzimu wa Kiingereza haufui dafu mbele ya mteja.

"It's not you, it's me" ni ungamo. UONGO.

Ni mlango unaofungwa taratibu. Umekuwa mzaha kiasi kwamba mwaka 1993 kipindi cha *Seinfeld* kilimwonyesha George Costanza akikasirika kuachwa kwa maneno ambayo anadai aliyabuni yeye. Usimhoji anayekuambia hivyo kuhusu kasoro zake ili umsaidie kuzirekebisha. Ndugu zake ni "I'm very fond of you", ambayo sikioni mwetu ina joto lakini mara nyingi hutangulia "lakini", na "we should get coffee sometime" isiyo na siku wala saa. Mtu mwenye nia hutaja siku. "Let's stay friends" nayo hukupeleka "friend zone", eneo lililopata umaarufu katika kipindi cha *Friends* mwaka 1994, pale Joey alipomwambia Ross kwamba amekwama humo. Kiswahili cha mtaani hakina adabu hizo: umepigwa chini, au umepewa kibuti. Inauma, ila hukai wiki mbili ukisubiri kahawa.

"Head over heels" haina mantiki. KWELI.

Kichwa kiko juu ya visigino kila siku, ndivyo tunavyotembea. Zamani msemo ulikuwa kinyume chake, visigino juu ya kichwa, yaani mtu amepinduka. Kufikia karne ya 18 watu walianza kuugeuza na haukurudi tena. David Crockett, mwindaji na mwanasiasa wa Marekani, aliutumia juu ya mapenzi yake mwenyewe katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1834. Anayeucheka akumbuke kwamba sisi tunasema fulani amekufa ameoza kwa binti wa watu, na kesho yake tunamwona dukani akinunua vocha.

Akikuita "love", anakupenda. UONGO.

Hili liwafikie hasa wauguzi wetu. Tangu Kenya na Uingereza zitiliane saini makubaliano ya mwaka 2021, wauguzi wa Kenya wamekuwa na njia rasmi ya kwenda kufanya kazi katika hospitali za huko, na hakuna darasa la Kiingereza linalowaandaa kwa mzee wa Yorkshire anayesema "ta, love" kwa kila anayemletea maji, awe mwanamke au mwanamume. London unaweza kuitwa "darling" na muuza mboga. Derby, Nottingham na Stoke utaitwa "duck", yaani bata, na watakaokuita hivyo ni dereva wa basi, karani wa posta, na bibi wa miaka 80 unayempima presha. Maneno hayo hayana uzito kuliko "ndugu yangu" ya konda. Usione haya, usijibu kwa tamko la moyo, wala usimripoti kwa msimamizi. Ukishazoea unaweza kumrudishia: "thank you, duck". Hatashtuka hata kidogo.